Video ya "gari la kwanza duniani, 1888": vipande vinne vilivyoshonwa pamoja

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi nafundisha ufundi wa magari hapa Morogoro. Kwenye kundi letu la walimu imezunguka video ya dakika nne, imeandikwa 'Jaribio la gari la kwanza duniani, Ujerumani 1888'. Ina rangi na mlio wa injini. Nataka kuwaonyesha wanafunzi, lakini roho inasita. Kwanza, ni ya kweli? Pili, mbona watu wanatembea kama waliomwagiwa upupu, na magurudumu yanazunguka kinyume huku gari linakwenda mbele? Kuna mahali gari linapanda mlima kinyumenyume, nikadhani video imegeuzwa. Na mwisho, je, huku kwetu zipo picha hai za namna hii?"

Marahaba, mwalimu. Video nimeipata. Mara ya kwanza niliitazama kwa starehe, kisha nikairudia fremu moja moja, yaani picha moja moja zinazounda video, kama anayechambua mchele. Hakuna hata sekunde moja ya 1888 humo. Lakini usiifute, kwa sababu picha zenyewe ni halisi na magari ni halisi. Kuna vipande vinne vya miaka tofauti, mtu kavishona pamoja, kavipaka rangi, kavitilia mlio wa injini na kuviandikia uongo juu. Roho yako ilisita mahali pake.

Nianze na mwaka wenyewe, maana huo unamalizwa kwa kalenda tu. Agosti 1888 Bertha Benz alilichukua gari la mumewe la magurudumu matatu bila kumuaga, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, wakatoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa mama yake, zaidi ya kilomita 100. Hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu, ya gari lile ilikuwa imeombwa Januari 1886, lakini safari ndefu halikuwahi kufanya. Ukiniuliza jaribio la kwanza la maana katika historia ya magari ni lipi, nitakutajia hilo. Njiani bomba la mafuta liliziba, mama akalizibua kwa pini ya kofia. Breki za mbao zilisagika, akamtafuta fundi viatu azipigilie ngozi. Mafuta yalipokwisha walinunua ligroini kwenye duka la dawa mjini Wiesloch, kwa kuwa wakati huo ilikuwa dawa ya kutolea madoa. Kwenye vilima vijana walisukuma. Aliporudi alimwambia mumewe gari linahitaji gia nyingine ya kupandia mlima. Hiyo ni ripoti ya majaribio iliyokamilika, haikuhitaji kamera.

Na kamera haikuwapo. Picha hai ya zamani kuliko zote zilizobaki ilipigwa tarehe 14 Oktoba 1888, huko Leeds, Uingereza, na Louis Le Prince. Inaonyesha watu wachache wakizunguka bustanini kwa sekunde kama mbili hivi. Yaani Bertha alikuwa amesharudi nyumbani miezi miwili nyuma. Mwezi huohuo Le Prince alipiga picha nyingine juu ya daraja la Leeds, na magari yanayopita pale yanavutwa na farasi. Sinema ya kulipia kiingilio ya ndugu wa Lumière ilikuja Paris tarehe 28 Desemba 1895. Kwa hiyo mtu akikuletea picha hai ya gari ya kabla ya 1895, mkaribishe chai kwanza, kisha umuulize kaipata wapi.

Sasa kipande cha kwanza. Mzee mwenye masharubu meupe yuko juu ya gari la magurudumu matatu, watu wanamshangilia. Anaonekana kuwa Carl Benz kweli. Ila Benz alizaliwa Novemba 1844, na mwaka 1888 alikuwa na miaka 43. Yule mzee wa kwenye video ana 43? Picha za namna hii ni za miaka ya 1920, Benz alipokuwa amegeuka kuwa babu wa magari yote. Mwaka 1925, akiwa na miaka 80, alishiriki gwaride la magari ya kale mjini München. Gari lake la kwanza lilikuwa limekwisha kutolewa kwa jumba la makumbusho la mji huo tangu 1906. Tunachokiona ni mzee aliyepanda kumbukumbu yake mwenyewe. Watazame na wanawake waliosimama kando ya barabara: sketi zao zinaishia juu ya kifundo cha mguu. Mwaka 1888 zingekuwa zinafagia vumbi.

Kipande cha pili ndicho kilichoniweka macho hadi usiku, na ndicho kitakachokufaa darasani. Gari linapanda barabara ya matope, linapita karibu na nguzo, sanduku la vifaa linaanguka kutoka nyuma, watu wanalikimbilia. Hiyo ni Ford Model T. Nimeitambuaje? Rejeta. Model T zilianza kuuzwa Oktoba 1908 zikiwa na rejeta ya shaba inayong'aa, na kuanzia modeli ya 1917 shaba ikaondolewa, rejeta ikawa nyeusi. Taa kubwa za umeme ziliingia na modeli ya 1915, kabla ya hapo zilikuwa za gesi. Gari la kwenye video yako lina rejeta ya shaba na taa za umeme, kwa hiyo ni la 1915 au 1916. Hilo ni gari. Filamu inaweza kuwa imepigwa baadaye, kwa sababu magari yale hayakufa upesi, lakini haiwezi kuwa ya kabla. Wafundishe wanafunzi tofauti hiyo: kifaa kipya kuliko vyote kwenye picha ndicho kinachofunga mlango wa nyuma. Ukiona ndani ya picha moja gari la 1908 na taa ya 1915, mwamini mdogo.

Twende kwenye upupu. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa hendeli kama cherehani ya mkono. Mzunguko mmoja ulipitisha fremu 8, na mpiga picha alifundishwa kuzungusha mara mbili kwa sekunde, ndiyo fremu 16. Wengine waliimba kimoyomoyo wimbo wa gwaride ili mkono usipoteze mwendo. Filamu za sauti zilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1920, sauti haikuvumilia mkono wa mtu, mwendo ukafungwa kwenye fremu 24 kwa sekunde. Mtu akichukua filamu ya fremu 16 akaionyesha kwa 24, kila kitu kinakwenda mara moja na nusu ya mwendo wake. Watu wa zamani hawakuwa na haraka kuliko sisi, na maonyesho ya wakati wao hayakuwa ya kuchekesha hivyo. Tumewakimbiza sisi. (Nilipoanza kazi, nikibeba mikebe ya filamu za milimita 16 kwenye Land Rover ya sinema ya vijijini, projekta yetu ilikuwa na swichi ya miendo miwili. Nusu ya waliokuwa wakiiendesha hawakujua kazi ya swichi ile. Hadhira ilicheka, nao wakaamini kazi imeenda vizuri.)

Utajuaje filamu ilipigwa kwa mwendo gani? Tafuta kitu kinachoanguka. Mvutano wa dunia haujabadilika tangu 1915. Sanduku lile linaanguka kutoka urefu unaozidi kidogo gurudumu moja na nusu. Gurudumu la Model T pamoja na tairi lake ni inchi 30, yaani sentimita 76, kwa hiyo sanduku limeanguka takriban mita 1.2. Kitu kikianguka mita 1.2 kinatumia nusu sekunde, na kuwa gari linakwenda mbele hakubadilishi kitu, jambo ambalo wanafunzi wako watalibishia kwa nguvu zote. Nimehesabu fremu tangu sanduku linaachia hadi linagusa matope: 8. Fremu 8 kwa nusu sekunde ni 16 kwa sekunde. Mpiga picha wetu alikuwa na mkono mzuri.

Lakini angalia mtego. Video uliyotumiwa inaonyesha fremu 30 kwa sekunde, na nyingi ni fremu ileile iliyorudiwa ili kujaza nafasi. Hesabu zile tu ambazo picha imebadilika. Na kama mtu ameipitisha kwenye programu zile za kulainisha, zinazoahidi video ya karne iliyopita kwa fremu 60, basi hesabu imekufa, maana programu imebuni picha za katikati ambazo hakuna kamera iliyowahi kuziona. Rangi nazo ni hivyohivyo. Ile bluu ya gari la kipande cha tatu ni ubunifu wa kompyuta. Mlio wa injini ndio unanichekesha zaidi. Aliyeutia kaweka ule wa injini ya silinda nane kwenye gari la Benz lenye silinda moja. Mwanafunzi wako wa mwaka wa kwanza angemkamata.

Sasa mwendo wa gari. Urefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ya Model T ni inchi 100, mita 2.54. Kitovu cha gurudumu la mbele kinapopita kwenye nguzo anza kuhesabu, cha nyuma kikipita simama. Nimepata fremu 13 na kidogo, haifiki 14. Kwa fremu 16 kwa sekunde, gari linakwenda kati ya kilomita 10.5 na 11.3 kwa saa. Kwenye simu yako linaonekana kama kilomita 16 hivi. Model T kwenye barabara nzuri ilifika maili 40 hadi 45 kwa saa, kwa hiyo hapa inapanda taratibu kwenye matope, inavyotakiwa.

Na magurudumu yanayorudi nyuma yanathibitisha hesabu hiyohiyo. Gurudumu la mbao la Model T lina spoku 12. Kamera haioni mwendo, inaona picha moja, inafumba jicho, inaona nyingine. Ikiwa kati ya picha mbili gurudumu limezunguka sehemu moja ya kumi na mbili kamili, kila spoku imeketi mahali pa jirani yake, nawe unaona gurudumu limesimama. Likizunguka pungufu kidogo tu ya hapo, spoku hazijafika kwa jirani, jicho linadhani zimerudi nyuma. Mzingo wa gurudumu ni mita 2.39. Gawanya kwa 12, zidisha kwa 16, utapata mita 3.19 kwa sekunde, sawa na kilomita 11.5 kwa saa. Mwendo ambao spoku zingesimama ni 11.5, na gurudumu lako linarudi nyuma polepole, maana yake gari liko chini kidogo ya hapo. Nguzo imesema 10.5 hadi 11.3. Mashahidi wawili wasiojuana wamesema neno moja, na hilo kwangu linatosha.

Kuhusu gari linalopanda kinyumenyume, ulichokiona ni sahihi na video haijageuzwa. Tangi la mafuta la Model T lilikuwa chini ya kiti na halikuwa na pampu, mafuta yaliteremka yenyewe hadi kabureta. Kwenye mlima mkali, hasa tangi likiwa limepungua, kabureta ilijikuta juu kuliko mafuta, injini ikazimika kwa kiu. Dawa ilikuwa kugeuza gari na kupanda kwa rivasi, ambayo pia ilikuwa na nguvu kuliko gia ya kwanza. Ukitaka kuhakikisha filamu haikugeuzwa, usilitazame gari, tazama matope. Yakiruka kutoka kwenye tairi na kuanguka chini, filamu iko sawa. Yakitoka chini na kurudi kwenye tairi, hapo mtu amekuchezea.

Kipande cha tatu ni barabara pana ya mjini, magari na farasi na watu wanapishana bila sheria, na kamera inasonga mbele katikati yao kama iko juu ya maji. Hii ni Market Street ya San Francisco, ilipigwa na ndugu wa Miles kutoka mbele ya tramu ya kebo, ikielekea jengo la feri. Kwa miaka mingi iliwekwa kwenye 1905. Mtafiti mmoja wa filamu bubu, David Kiehn, ndiye aliyeirekebisha, na namna alivyofanya ni somo la ufundi magari kuliko la sinema. Alisoma namba za usajili za magari yanayopita, akafuata rekodi za usajili, akakuta gari limeandikishwa mapema 1906. Akatazama madimbwi barabarani, akalinganisha na taarifa za mvua kwenye magazeti. Mwisho wa yote filamu ile ikaangukia siku chache kabla ya tetemeko la tarehe 18 Aprili 1906, saa 11:12 alfajiri, lililofuatwa na moto ulioteketeza sehemu kubwa ya mji. Studio ya ndugu hao iliharibiwa. Filamu yenyewe iliokoka kwa kuwa ilikuwa imeshapelekwa New York.

Ila nakuomba uitazame tena kwa jicho la polisi wa usalama barabarani. Magari ni mengi mno kwa mji wa 1906, sivyo? Fuata moja. Linapita upande wa kulia, linakata mbele ya tramu, linapotea, halafu linarudi tena kutoka nyuma. Karibu magari yote yanaizunguka kamera, na moja limehesabiwa likipita mara kumi. Waliotengeneza filamu waliyapanga ili mji uonekane una magari tele. Kwa hiyo tarehe ni ya kweli, barabara ni ya kweli, na foleni ni ya maigizo. Watu hawaamini nikisema picha halisi inaweza kudanganya bila kuguswa, nami siku zote nawapeleka kwenye dakika hizo.

Na tabia hiyo ilianza mapema. Mwaka 1900 Mwingereza Cecil Hepworth alikuwa tayari ametengeneza filamu fupi ambamo gari linalipuka, na askari anabaki akiokota viungo vya abiria vinavyodondoka kutoka mbinguni. Gari lilipoingia kwenye sinema liliingia kama kichekesho na kama tangazo, na kazi hizo mbili halijawahi kuziacha.

Ndiyo maana kipande cha nne kinanitia shaka kuliko vyote ingawa ni halisi kabisa. Gari linasukumwa kutoka kwenye jabali, linabingirika hadi chini, watu wanalisimamisha, linawashwa na kuondoka. Hiyo ni Chrysler Airflow ya 1934, huko Pennsylvania, Marekani, na jabali lilikuwa na urefu wa futi 110, mita 34 hivi. Filamu ilisambazwa kwenye majumba ya sinema kuonyesha uimara wa bodi. Watu wakapiga makofi, wakaenda zao kununua magari mengine, kwa sababu sura ya Airflow haikuwavutia. Mwaka 1937 ikasimamishwa.

Nililojifunza kwa kutazama mikebe mingi ya filamu hizi ni kwamba jaribio la kweli linachosha kulitazama. Palipo na umati, bendera, ngazi za jengo kubwa au jabali, hapo kuna mtu wa mauzo nyuma ya kamera. Jaribio la kiwandani lina chasisi tupu isiyo na bodi, dereva kakalia kiti cha muda au kasha, nyuma pamefungwa mizigo kuwakilisha uzito wa abiria, na kuna jamaa mwenye daftari anayekunja uso. Ukikuta filamu ya namna hiyo, ithamini, ingawa wanafunzi watasinzia. Kabla ya viwanja vya majaribio, chasisi hizo zilipelekwa kwenye barabara za watu wote. Brooklands ya Uingereza, iliyofunguliwa 1907 kwa ajili ya mbio, ikawa pia mahali pa kupimia. General Motors walifungua uwanja wao wa Milford, Michigan, mwaka 1924. Fiat wao waliupeleka juu ya paa. Kiwanda chao cha Lingotto mjini Torino, kilichofunguliwa 1923, kilikuwa cha ghorofa tano. Malighafi iliingia chini, gari likaungwa likipanda ghorofa kwa ghorofa, hadi likatokea juu na kuzungushwa kwenye barabara yenye kona zilizoinuliwa kama bakuli, juu ya vichwa vya waliolitengeneza. Kiwanda kilifungwa 1982 lakini paa lipo. Ukipata video ya Lingotto, iweke badala ya ile ya jabali.

Swali lako la mwisho. La kwanza kulijua ni safari ya Paul Graetz, luteni Mjerumani aliyeondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 kwa gari lililoundwa Gaggenau, akaingia Swakopmund, Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Miezi karibu 21. Tunaijua kwa picha mnato na kitabu chake, kwa hiyo mtu akikuletea "video" ya safari hiyo, unajua la kufanya. Picha hai za uhakika zinakuja miaka ya 1920. Oktoba 1924 magari manane ya Citroën, yenye mikanda ya mpira nyuma mahali pa magurudumu, yaliondoka Colomb-Béchar nchini Algeria chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil, na mwongozaji wao wa filamu alikuwa Léon Poirier. Walipofika Kampala mwaka 1925 msafara uligawanyika mara nne: kundi moja likashuka Mombasa, jingine Dar es Salaam, la tatu Msumbiji, la nne Cape Town, wote wakutane Madagaska. Filamu yake, La Croisière noire, ilionyeshwa Paris mwaka 1926. Wakati huohuo msafara wa Waingereza wa Court Treatt ulikuwa njiani na magari ya Crossley, kutoka Cape Town Septemba 1924 hadi Cairo Januari 1926, nao wakiwa na mpiga filamu, T. A. Glover.

Ukizionyesha hizi darasani, waambie wanafunzi waache kutazama gari kwa muda, watazame kamba. Tafuta nani anavuta. Filamu ya Citroën ilikusudiwa kuonyesha ushindi wa mashine, na wenyeji wamewekwa humo kama mandhari, wacheze ngoma na kushangaa. Lakini misituni Kongo njia zilifyekwa na wenyeji kabla magari hayajafika, na kila gari linaponasa kwenye tope wanaonekana watu wengi walio bega kwa bega ambao majina yao hayakuandikwa popote. Kama ni jaribio, nao walikuwa sehemu ya injini.

Jambo la matumizi kabla sijafunga. Siku ukikutana na mkanda wenyewe, labda kwenye sanduku la mzee fulani au stoo ya shule, usiuwashie taa ya moto wala kiberiti karibu. Filamu za milimita 35 za kabla ya 1951 nyingi ni za nitrati, malighafi inayowaka upesi. Zikishika moto hazizimiki hata ukizizamisha kwenye maji, kwa kuwa zinajitengenezea oksijeni. Soma ukingo wa mkanda: neno SAFETY likiwapo umepona. Kwenye mikanda ya Kodak utaona pia alama ndogo za duara, mraba au pembetatu, zilizotaja mwaka wa kutengenezwa na kurudiwa kila miaka 20. Ukinusa siki, mkanda ni wa asetati na umeanza kuoza. Utenge na mingine, uuweke mahali pa baridi.

Darasani, mwalimu, kata vipande vitatu, ubaki na kile cha Ford. Zima mlio. Waambie gurudumu ni sentimita 76, spoku 12, ekseli hadi ekseli mita 2.54, halafu waache na sanduku na nguzo. Usiwaambie kamera ilikuwa ya hendeli. Wakikuletea kilomita 16 kwa saa, warudishe wakahesabu tena lile sanduku.